Mianzi ya Namba Arobaini na Saba

Mama Laetitia Nyembo alikuwa na mdomo. Msidhani ni mdomo wa umbea, maana wambea mjini Kamina wamejaa tele na hakuna anayewachagua kuongoza kitu. Wake ulikuwa mdomo wa kushawishi. Alifundisha darasa la tatu miaka ishirini na sita, akamzika mumewe, akastaafu, na bado wanawake wa shirika, yaani familia za Kikatoliki za mtaa wao zinazokutana kusali kila Jumatano, walimrudisha kwenye uongozi kila mara zamu ilipokwisha. Akisema tufagie kanisa, kanisa linafagiwa. Akisema kila nyumba ilete kikombe cha mahindi, hakuna aliyethubutu kuleta nusu. Mdomo huo ndio uliomponza, na heri ungemponza yeye peke yake.

Mtaa wao uko chini ya reli, mahali ambapo maji yote ya mvua ya mji wa juu yanakuja kumwagikia. Zamani palikuwa na mfereji. Mfereji ukaziba, hakuna aliyeuzibua, maji yakajichimbia njia yao wenyewe, na njia ikawa korongo. Watu wanaliita erosio, kwa Kifaransa, kama vile ni mgeni aliyeshuka kwenye treni na si uzembe uliozaliwa hapahapa. Erosio ilianza kwa kumeza uwanja wa mpira. Ikafuata kanisa dogo la mtaa, kisha nyumba kumi na tisa. Wenye nyumba hizo walitawanyika, wengine kwa ndugu, wengine Kaniama kulima mahindi ya watu. Mwaka 2023 ukingo wake ulikuwa hatua ishirini tu kutoka kwenye mstari wa nyumba sita. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Laetitia, na ya pili ya Mwila.

Mwila aliuza mihogo sokoni. Alikuwa mdogo kwa Mama Laetitia kwa miaka mitano na alimwita Yaya, dada mkubwa, ingawa hawakuchangia tumbo. Miaka thelathini waliombana chumvi, moto na wembe wa kukatia kitovu. Binti ya Mwila alipofariki aliacha mtoto wa kike, Tshala, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa, na huyo alimwita Mama Laetitia Koko, yaani bibi, na kazi zake za shule alizifanyia kwenye meza yake kwa sababu kwa Mwila hapakuwa na meza.

Mwaka uliotangulia, Mama Laetitia aliomba mashina kumi na mawili ya mianzi kwenye bustani ya mapadri, akayapanda ukingoni mbele ya nyumba yake. Majirani walimcheka. Mvua zilipokwisha, mbele ya nyumba ya Mwila zilikuwa zimeondoka hatua nne za ardhi. Mbele yake yeye haikuondoka hata moja. Hapo akaelewa kwamba jambo linawezekana, na mtu aliyeelewa kwamba jambo linawezekana hapati tena usingizi. Ukingo wote ungepandwa mianzi kabla ya mvua kubwa za Desemba na Januari, nyumba zingepona. Akaanza kampeni yake mwezi wa nane, mlango kwa mlango.

Watu hawakutaka. Nani apande kitu kwenye ardhi inayoanguka? Tena walikuwa na hofu nyingine, ambayo hawakuisema kwa sauti: hakuna hata mmoja aliyekuwa na hati ya kiwanja. Wakubwa wa mji walikwisha sema mara mbili kwamba pale hapajengwi. Anayejionyesha ukingoni na jembe anajiita mwenyewe afukuzwe.

Basi Mama Laetitia akachukua silaha aliyojua haikosi. Kwa Waluba, ukiazimwa shamba utalima mihogo, utalima mahindi, utavuna na utashukuru. Lakini ukipanda mti, umejitangaza mwenyewe wa shamba, na aliyekuazima ana haki ya kuja kuung'oa siku hiyohiyo, kwa sababu akiuacha ukaota, yeye ndiye atakayekuwa mgeni. Hilo halifundishwi shuleni. Kila mtoto wa kule analijua kabla hajajua ishara ya msalaba.

"Musikilize bien," aliwaambia Jumatano moja baada ya rozari. "Banasema hatuna papier. Bon. Muti njo papier. Mwenye kupanda muti, ile bulongo iko yake, iko ya mutoto wake, iko ya mujukuu wake. Nani atakufukuza kwa muti yako?"

Papier ni hati na bulongo ni ardhi, hakuna asiyeelewa. Papa Kisimba, mfanyakazi wa zamani wa reli, mwenye nyumba ya nne, akapiga paja lake.

"Eyo vidye," akasema, kama anavyoitikiwa mkubwa. "Njo vile. Ile ni kweli kabisa."

Kufikia mwezi wa tisa familia arobaini zilikuwa zimekubali. Paroko alilisema jambo hilo kwenye misa. Redio ya mji ikamwalika Mama Laetitia, naye akaongea nusu saa bila kunywa maji. Kilichokosekana ni miche. Ilitakiwa mia nane, wao walikuwa na sitini.

Na hapo ndipo aliponusa Jessé Muteba. Muteba aliuza saruji na vipuri vya pikipiki. Alizaliwa kule base, kwenye kambi kubwa ya jeshi, baba yake akiwa askari aliyetumwa kutoka mbali, na ingawa Muteba hakujua mji mwingine zaidi ya Kamina, watu wa mtaani bado walimwita mtoto wa base. Mwaka huo aligombea udeputé, yaani ubunge, wa jimbo. Namba yake kwenye mashine ya kura ilikuwa arobaini na saba. Hakuwa mtu mbaya, na lazima hilo lisemwe. Alikuwa mtu wa biashara aliyeona familia arobaini zimekaa pamoja na akajua ni bidhaa.

"Mama, munatafuta miche ngapi?"

"Mia munane, Papa Muteba."

"Nitaleta elfu."

Na akaleta. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi lori liliingia mtaani limejaa miche hadi juu, na nyuma yake vijana thelathini wenye fulana za kijani zenye namba 47. Mama Laetitia alikuwa amepanga kila familia ipande kipande chake. Muteba akatazama saa. Akasema vijana wamekwisha lipwa, majembe yapo, jioni kazi itakuwa imekwisha, ya nini kuwasumbua akina mama? Mama Laetitia akatazama mbingu, iliyokuwa imeanza kujaa mawingu upande wa mashariki. Akatazama mikono ya wale vijana. Mwenye haraka ya kuokoa hana muda wa kufikiri, na yeye hakufikiri. Alikubali.

Kufikia jioni ukingo wote ulikuwa umepandwa, na kila mche ulifungiwa kipande cha plastiki chenye sura ya Muteba akitabasamu na namba yake chini. Sura elfu moja zikitabasamu kwenye mdomo wa shimo. Mama Laetitia alicheza mbele ya lori mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Jumatatu akaenda redioni tena akasema kwa furaha, na sauti yake ikasikika mpaka kambini: "Papa Muteba njo alipanda! Ukingo yote, ni yeye!"

Ulimi hauna mfupa. Laiti ungekuwa nao, siku hiyo ungevunjika kwanza.

Mpinzani wa Muteba aliitwa Mwepu. Alikuwa mwana wa nchi kwa baba na kwa mama, mzito wa kuamka, asiye na lori wala mpango wowote. Alichokuwa nacho ni pikipiki yenye kipaza sauti na kijana wa kuongea. Haikupita wiki, pikipiki ikaanza kupita chini ya reli asubuhi na jioni.

"Bantu ya chini ya reli! Ile miti elfu, nani alipanda? Sura ya nani iko juu yake? Basi bulongo sasa iko ya nani? Mujiulize tu!"

Haikusema zaidi ya hapo. Na kilichomuuma Mama Laetitia ni kwamba hapakuwa na uongo ndani yake hata kidogo.

Jumatano iliyofuata hakuna aliyeondoka baada ya rozari. Papa Kisimba alisimama, kofia mkononi.

"Mama Laetitia, ni weye ulitufundisha. Mwenye kupanda muti, bulongo iko yake. Sisi hatukupanda. Balipanda batoto ya Muteba."

"Mais Papa Kisimba, ile ni musaada. Ni ya kukamata bulongo isianguke. Muteba hawezi kuwa na ile mawazo."

"Mawazo yake siijue. Minyi najua sura yake iko mbele ya mulango yangu."

Mwila naye alikuwa pale, Tshala akimlalia magotini. "Yaya," akauliza taratibu, "akishapata kiti, akikuya na papier, tutasema nini?"

Mama Laetitia aliikunja rozari yake kiganjani. Angesemaje kwamba desturi ni ya kweli inapomfaa yeye na ni upuuzi inapomfaa Mwepu?

Kesho yake alienda kwa Muteba, akamkuta anapakia gari kwenda Malemba-Nkulu kutafuta kura nyingine. Alimwomba mambo mawili tu: atoe zile sura kwenye miche, na aje aseme mbele ya watu kwamba miche ni yao.

Muteba alimsikiliza kwa heshima. "Mama, nikitoa sura, bantu batajua namna gani kama ni minyi niliwasaidia? Na nikisema miti haiko yangu, kura itakuwa ya nani? Ungojee. Uchaguzi iko tarehe makumi mbili Desemba. Tarehe makumi mbili na moja nitakuya minyi mwenyewe na papier ya kila muntu."

"Papa Muteba, itakuwa imechelewa. Batang'oa mbele ya uchaguzi."

"Nani atang'oa kitu yenye inamuokoa nyumba?" Muteba akacheka, bila ubaya. Akaingia garini, akatoa fulana sita za kijani, akampa kwenye mfuko. "Ya kwenu ya nyumbani."

Kuzikataa kungekuwa matusi. Akazichukua. Akapita nazo mtaa mzima, mfuko wenyewe ni wa plastiki nyeupe, na rangi ya kijani inaonekana ndani kama mboga. Kufikia jioni alikuwa na jina jipya: Mama Arobaini na Saba.

Mnaoishi mijini mnaweza kucheka. Lakini jaribuni kupita sokoni, watu mliowafundisha kusoma wakikuiteni kwa namba. Usiku wa pili mawe yakaanguka juu ya bati lake, matatu, moja baada ya jingine. Shirika likakutana kwa Papa Kisimba bila kumwambia. Mama Laetitia aliogopa, na aliona aibu ya kuogopa, na aibu ikamfungia ndani.

Jumamosi ya pili ya Desemba ikawa siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Watu walitoka na majembe kama Jumamosi nyingine yoyote. Safari hii hawakufagia barabara. Walijipanga ukingoni, kila familia kwenye kipande ilichokuwa imepangiwa, wakaanza kung'oa. Hawakuwa na hasira. Waliimba. Walikuwa wanafanya tendo la haki ambalo baba zao wangelifanya: mgeni amepanda mti kwenye ardhi yako, unautoa, na ardhi inabaki yako. Miche ilikuwa bado michanga, haijafika miezi miwili, na ilitoka kwa urahisi na udongo wake mbichi mizizini.

Mama Laetitia alisimama mlangoni. Wakafika kwenye mipaka ya kiwanja chake, kwenye yale mashina yake kumi na mawili ya mwaka jana, yaliyokuwa sasa yanampita urefu. Papa Kisimba akavua kofia.

"Yako hatugusi, Mama. Ulipanda weye mwenyewe. Ile iko yako."

Kisha wakarudi kwenye mstari wao. Mwila ndiye aliyekuwa karibu, jembe begani. Hakuwa ameanza. Miche ya mbele ya nyumba yake ilikuwa bado imesimama, na alikuwa anamtazama Mama Laetitia kama mtu anayesubiri kuambiwa.

"Yaya," akasema, "nitoshe ile miti, ning'oe?"

Neno moja lingetosha. Mwila asingebishana, hajawahi kubishana naye katika miaka thelathini. Mama Laetitia aliona watu wameacha kuimba, wanasikiliza. Aliyakumbuka mawe juu ya bati. Akaitazama mianzi yake, mirefu, imesimama imara, hakuna aliyeigusa.

"Mufanye vile munaona," akasema, akaingia ndani.

Nyuma yake akasikia jembe la Mwila likipiga udongo.

Tarehe ishirini watu walipiga foleni kwenye shule, wakabonyeza mashine. Chini ya reli Muteba alipata kura kumi na moja. Mwepu alichaguliwa, akapita na pikipiki yake, watu wakacheza barabarani hadi giza, na Muteba akafunga duka wiki nzima. Hakuja tarehe ishirini na moja. Angekuja kufanya nini?

Mvua kubwa ilikuja Jumapili ya tatu ya Januari, mchana, watu wametoka misa. Ilianza kama mvua nyingine. Baada ya saa moja maji ya mji wa juu yakafika kwa pamoja, mekundu, yakibeba matairi na milango. Mama Laetitia alikuwa dirishani. Aliona ukingo ukiondoka mbele ya nyumba ya sita, kisha ya tano, bila kelele kubwa, kipande kwa kipande, kama mtu anavyomega bukari, ugali wa kule. Watu wa huko waliwahi kutoka na magodoro. Papa Kisimba alitoka na mkewe na redio.

Mwila hakuwapo. Tshala alikuwa ameamka na homa ya malaria, na bibi yake alikuwa ameenda kutafuta dawa kwenye duka la karibu na stesheni kabla mvua haijawa kubwa. Alimfungia mtoto mlango kwa nje, asije akatoka na homa yake akalowa.

Mama Laetitia alilijua hilo. Mwila alikuwa amelisema kwa sauti akipita mbele ya nyumba, kama alivyosema mambo yote. Mama Laetitia alikimbia. Alikuwa na miaka sitini na mbili, na udongo ulikuwa sabuni. Alifika kwenye mlango wa Mwila akashika komeo, na komeo lilikuwa limefungwa kwa waya, waya uliosokotwa mara nne. Alisokotoa mara mbili. Ndani mtoto alikuwa anamwita, si kwa kilio, kwa kawaida tu, kama mtu aliyesikia mgeni mlangoni. "Ni Koko Laetitia?" Kisha ukuta wa nyuma ukaenda, na sakafu ikaufuata, na Mama Laetitia akabaki ameshika mlango uliosimama peke yake kwenye fremu, na nyuma ya mlango hapakuwa na nyumba.

Walimpata Tshala siku ya pili, mbali, kwenye mashamba ya bondeni.

Nyumba nne zilikwenda siku hiyo, na ya Mwila ikawa ya tano. Ya Mama Laetitia ilibaki. Korongo lilifika kwenye mashina kumi na mawili ya mianzi, likapinda, likapita ubavuni. Mheshimiwa Mwepu alileta jeneza na magunia matano ya unga. Wapiga picha wake walitafuta mahali pazuri, wakamsimamisha mbele ya ile mianzi, kwa kuwa ndiyo pekee iliyosalia ya kijani ukingoni, na hapo akaahidi kwamba atapanda ukingo mzima. Watu walipiga makofi. Walikuwa wamechoka, na makofi hayagharimu.

Matanga yaliwekwa uwanjani kwa paroko. Mama Laetitia alikuja na sufuria ya maharage kichwani, na wanawake wakasogea wampe nafasi kwenye mkeka. Hakuna aliyemwita kwa namba. Heri wangemtukana. Alikaa karibu na Mwila, akataka kumshika mkono, na mkono ukaondoka.

Mwila hakuwa analia tena. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Yaya," akasema, "minyi sikusoma. Weye njo ulikuwa na akili. Ile siku ya salongo nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ulinijibu nini?"

Mama Laetitia hakuweza kusema uongo penye maiti ya mtoto aliyemfundisha kuandika jina lake. "Nilisema: mufanye vile munaona."

"Ulijua kama nyumba yangu itaanguka?"

"Nilijua."

"Juu ya nini ulinyamaza?"

"Nilikuwa na woga, Mwila. Balitupa mawe kwa nyumba yangu. Balinitukana."

"Woga tu?"

Mdomo ule uliowahi kupata la kusema mbele ya paroko, mbele ya redio, mbele ya mji mzima, ulikaa wazi. Mwila alisubiri. Alikuwa na muda wote wa dunia.

"Niliona yangu iko inabakia," Mama Laetitia akasema.

Mwila alitikisa kichwa taratibu, kukubali, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa nalo tayari. Akajifunika kitenge mabegani.

"Basi urudi kwako, Yaya," akasema. "Weye uko na kwako."

Mama Laetitia aliacha sufuria palepale kwenye mkeka, akainuka, akaenda.